Umepunguzwa kazi Tanzania Bara? Namna ya kudai stahiki zako na fao la kukosa ajira NSSF

Kabla hujafika kwenye foleni ya NSSF kuna karatasi moja itakayoamua karibu kila kitu, nayo ni barua inayoeleza umeondokaje kazini. Ikisema mwajiri amekupunguza, unaweza kudai stahiki kwa mwajiri, unaweza kuomba fao la kukosa ajira katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na ukiona umeonewa unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Ikisema umeacha kazi kwa hiari yako, fao limekwenda na maji, na huko kwingine utaanza kwa kujieleza.

Kwa hiyo akija mtu wa HR kwa sauti ya upole kukwambia, "Andika tu barua ya kuacha kazi ili tumalizane kwa amani, tutakusifia huko uendako," usiandike. Mwambie unaelewa hali ya kampuni na huna ugomvi na mtu, lakini unasubiri barua ya mwajiri. Barua ya sifa haina uzito mbele ya dirisha la NSSF.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa waajiriwa wa sekta binafsi wanaochangia NSSF. Mtumishi wa umma ana mfuko wake, PSSSF, na taratibu zake za utumishi. Zanzibar wana sheria yao ya ajira na mfuko wao, ZSSF, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba asihesabu kwa siku na viwango vya hapa.

Tetesi zikianza, kusanya karatasi

Watu wengi huanza kutafuta nyaraka wakati kitambulisho cha geti kimeshazimwa na barua pepe ya kazini haifunguki. Ukisikia tu kwamba kuna "mabadiliko ya muundo", anza siku hiyo hiyo. Tafuta nakala ya mkataba wa ajira na barua zote za kupandishwa cheo au mshahara. Chapisha slipu za mshahara, za miaka miwili nyuma au zaidi ukiweza. Pata taarifa ya michango yako ya NSSF. Weka pamoja rekodi ya likizo ulizochukua na barua yoyote ya uhamisho kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Vyote hivi vitoke kwenye kompyuta ya ofisi vihamie nyumbani, lakini usibebe nyaraka za siri za kampuni, maana utampa mwajiri kosa la nidhamu bure, na kosa la nidhamu linakula kiinua mgongo, yaani malipo ya miaka uliyotumikia.

Taarifa ya michango unaweza kuiona kupitia huduma za NSSF za mtandaoni au kuiomba tawini ukiwa na namba ya uanachama. Isome mwezi kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Wa mshahara wa shilingi 650,000 anapaswa kuona 130,000 zikiingia kila mwezi, na katika hizo alizokatwa yeye zisizidi 65,000. Ukikuta miezi mitupu, au mshahara ulioripotiwa ni mdogo kuliko unaoulipwa, chukua slipu zinazoonyesha makato uende nazo kwa afisa matekelezo wa NSSF. Kumfuatilia mwajiri asiyewasilisha michango ni kazi yao, na sheria inawapa nguvu ya kumshitaki. Fanya hivi mapema, kampuni ikiwa bado ina ofisi na mhasibu. Kampuni ikishafunga milango, mwezi mmoja unaokosekana unaweza kukutoa jasho.

Kikao cha kupunguza wafanyakazi si hisani

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoifikiria, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuamua. Mashauriano hayo yanagusa sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aende na nani abaki, wakati, na malipo. Kama mahali penu pana chama cha wafanyakazi, TUICO kwa wa viwandani na biashara, CHODAWU kwa wa mahotelini na kadhalika, mashauriano yanapita huko. Kama hakuna chama, mwajiri anapaswa kuzungumza na wafanyakazi wenyewe.

Maana yake kikao kinachoitishwa Ijumaa jioni ili watu wagawiwe bahasha si mashauriano, hata kama chai na sambusa zilikuwepo. Uliza maswali, na uyaulize kwa namna yatakayoingia kwenye muhtasari: kigezo cha kuchagua ni kipi? Je, ni wa mwisho kuingia wa kwanza kutoka, au mnaangalia ujuzi? Kuna nafasi nyingine ndani ya kampuni? Mmefikiria kupunguza saa za kazi au kusimamisha ajira mpya? Msipoafikiana, sheria inaruhusu jambo hilo lipelekwe CMA kwa usuluhishi kabla watu hawajaondolewa.

Ukipewa karatasi ya mahudhurio, saini mahudhurio. Ukipewa barua, andika "Nimepokea" pamoja na tarehe, kisha saini. Usiandike "Nimekubali" kwa sababu tu aliyekutangulia kwenye orodha aliandika hivyo.

Kuna waajiri wanaoleta makubaliano ya kuachana: kifurushi cha fedha kilicho kikubwa kidogo kuliko cha kisheria, na aya inayosema huna madai mengine yoyote. Mikataba ya namna hii ni halali, na wakati mwingine ina faida kweli, hasa kampuni ikiwa haina hali nzuri na wewe una deni linalokukaba. Ila omba siku mbili tatu ukaisome nyumbani. Piga hesabu ya stahiki zako za kisheria kwanza, uone hiyo nyongeza ni shilingi ngapi hasa. Halafu uliza NSSF, kabla ya kusaini, kama maneno yaliyoandikwa humo yatasomeka kwamba umeondolewa au kwamba umeondoka. Mara nyingi mwajiri hana shida kubadilisha sentensi moja ikasema wazi kwamba ajira imekoma kutokana na kampuni kupunguza wafanyakazi.

Barua ya kusitisha ajira: isome kwa kidole

Barua nzuri ina sababu ya kusitisha ajira, tarehe ya taarifa na tarehe ya mwisho ya kazi. Notisi lazima iwe ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Ajira ikisitishwa ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Mkataba wako ukitaja muda mrefu zaidi, mkataba ndio unaofuatwa. Mwajiri akitaka uondoke leo leo anaweza, lakini alipe fedha badala ya notisi. Na notisi haitolewi ukiwa likizoni.

Tazama sana sentensi ya sababu. "Kupunguza wafanyakazi kutokana na mahitaji ya uendeshaji" ni sawa. "Kwa makubaliano ya pande zote" wakati hamkukubaliana kitu ni kasoro. "Utendaji usioridhisha" wakati kikao kilizungumzia kupungua kwa mauzo ni kasoro kubwa zaidi. Ukiona hivyo, jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo ukiomba irekebishwe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Hesabu ya stahiki, kwa mfano

Tuchukue mfanyakazi wa ghala Dar es Salaam mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 650,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, aliyetumikia miaka saba na miezi minne.

Kiinua mgongo, kwa kifungu cha 42, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Ile miezi minne ya juu haihesabiwi. Ili kupata mshahara wa siku moja, jedwali la sheria linataka ugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku sita ni kama kugawa kwa 26. Basi 650,000 gawa kwa 26 ni 25,000. Mara siku 7 ni 175,000. Mara miaka 7 ni 1,225,000.

Sasa, mwajiri akigawa kwa 30, kama wengi wanavyofanya kwa mazoea, siku moja inakuwa 21,667 na kiinua mgongo kinashuka hadi karibu 1,061,700. Hapo zimepotea zaidi ya shilingi 163,000 kwa kubadili namba moja tu kwenye kikokotoo. Kwa anayefanya kazi siku tano, kigawanyo ni kama 21.7, na siku moja inakuwa kubwa zaidi.

Siku saba kwa mwaka, tena kwa ukomo wa miaka kumi, si nyingi. Jirani zetu Kenya sheria yao inataka zisizopungua 15 na haina ukomo huo wa miaka. Lakini hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako, kanuni za kampuni au mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi unaweza kutoa zaidi, na watu hawaufungui kwa sababu ulisainiwa miaka mingi iliyopita na nakala iko kabatini kwa katibu wa tawi. Kautafute.

Kiinua mgongo hakilipwi kwa ambaye hajatimiza miezi 12 ya utumishi mfululizo, kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kwa aliyefikia umri wa kustaafu, wala kwa ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho wake wa kawaida. Aliyepewa nafasi nyingine ya kazi akaikataa bila sababu ya msingi naye anaweza kukikosa.

Vingine unavyodai ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, fedha badala ya notisi kama hukupewa muda, na likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ile ya mwaka ambao haujakamilika hukokotolewa kwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Hapa rekodi yako ya likizo inakuwa na thamani, maana ya mwajiri mara nyingi inaonyesha ulikuwa likizo wakati ulikuwa zamu.

Kuna kimoja ambacho watu hukiacha mezani bila kujua, nacho ni usafiri. Kifungu cha 43 kinasema kama ajira imesitishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo. Mpaka afanye hivyo, unastahili posho ya kujikimu ya kila siku kuanzia ajira ilipokoma. Kama uliajiriwa Mwanza ukahamishiwa Dar es Salaam, hili linakuhusu, na ndiyo sababu nilisema barua za uhamisho ziwekwe mahali salama. Mwajiri anayejua sheria hulipa nauli haraka kwa sababu posho inahesabika kila kukicha. Asiyejua huja kushangaa CMA.

Malipo haya yana kodi ya mshahara ndani yake, na makato ya Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu kama unadaiwa. Kwa hiyo dai mchanganuo wa maandishi unaoonyesha kila kipengele, makato, na jumla inayofika benki. Makato yoyote ambayo hayatokani na sheria wala na makubaliano yako ya maandishi yahoji. Na omba cheti cha utumishi. Ni haki yako kwa kifungu cha 44, si zawadi kwa waliopendwa na bosi.

Barua ya kudai isiwe na hasira. Inaweza kwenda hivi:

*Meneja Rasilimali Watu,*
*(Jina na anwani ya kampuni)*

*Ndugu,*

*YAH: MAOMBI YA MALIPO YA STAHIKI NA CHETI CHA UTUMISHI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Niliajiriwa tarehe … katika nafasi ya …, mahali … Ajira yangu imesitishwa tarehe … kutokana na kupunguzwa kwa wafanyakazi, kwa mujibu wa barua yenu ya tarehe …*

*Naomba kulipwa mshahara wa siku nilizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo sijaichukua, malipo badala ya notisi, kiinua mgongo cha miaka … iliyokamilika, pamoja na gharama za usafiri hadi … nilikoajiriwa. Naomba pia cheti cha utumishi na mchanganuo wa malipo hayo kwa maandishi.*

*Nitashukuru kupata majibu kabla ya tarehe …*

*Wako mtiifu,*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine irudi kwako na muhuri, saini na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe pia. Vifaa vya kampuni, simu, kompyuta, sare, funguo, virudishe kwa orodha iliyosainiwa na aliyevipokea.

Fao la kukosa ajira

Kwanza tuondoe dhana ya zamani. Ukikaa kijiweni utasikia, "Nenda NSSF kachukue hela zako zote." Huko nyuma lilikuwepo fao la kujitoa, na mtu aliyeacha kazi alichukua michango yake akafungua duka. Mwaka 2012 jaribio la kulifuta lilizua kelele kubwa, hasa migodini. Mageuzi ya mifuko ya mwaka 2018, yaliyounganisha mifuko mingine kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi, yakaleta fao la kukosa ajira badala yake. Hoja ya Serikali ni kwamba michango ni ya uzee. Hoja ya wafanyakazi wengi ni kwamba uzee hauliwi leo. Hata mimi naona asilimia 33.3 ya mshahara kwa mtu mwenye watoto shuleni ni ndogo, lakini ndiyo sheria iliyopo, na kuikosa kwa sababu ya karatasi ni hasara juu ya hasara.

Masharti yake ni haya. Uwe Mtanzania. Uwe hujafikisha miaka 55. Ajira yako iwe imekoma bila wewe kuacha kazi kwa hiari. Uwe umechangia angalau miezi 18. Na uwe hujapata ajira nyingine. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa muda usiozidi miezi sita. Yule wa ghala mwenye 650,000 atapata kama 216,450 kwa mwezi, na kwa miezi sita yote ni 1,298,700. Hapa ndipo utaona kwa nini nilisisitiza kukagua mshahara ulioripotiwa: ambaye mwajiri wake aliripoti 400,000 badala ya 650,000 hana cha kuuonyesha Mfuko zaidi ya slipu zake.

Aliyechangia chini ya miezi 18 halipwi kila mwezi. Yeye hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake. Kama umebakiza mwezi mmoja au miwili kufika 18 na mwajiri bado anazungumzika, omba notisi uitumikie kazini badala ya kulipwa fedha uondoke. Mwezi wa notisi unaofanya kazi una mshahara na una mchango.

Maombi yanaanzia tawi la NSSF. Nenda na vitu hivi, asili na nakala:

- barua ya kusitishwa ajira, ile yenye sababu iliyonyooka
- mkataba wa ajira na slipu za mshahara za karibuni
- namba au kadi ya uanachama wa NSSF
- kitambulisho cha Taifa, au namba ya NIDA kama kadi haijatoka
- taarifa za akaunti ya benki iliyo kwa jina lako na iliyo hai
- picha ndogo za pasipoti

Jaza fomu ya madai kwa herufi kubwa, bila kufutafuta. Sehemu ya sababu ya kukoma kwa ajira ilingane na barua neno kwa neno. Kama barua inasema "kupunguzwa" usiandike "mkataba uliisha". Tarehe ya mwisho ya kazi nayo iwe ile ile kwenye barua, kwenye fomu na kwenye cheti cha utumishi. Mfuko utataka kujiridhisha kwamba ajira imekoma kweli, kwa hiyo kabla hujaondoka kazini mwombe mhusika wa malipo akutoe kwenye orodha ya wachangiaji kuanzia mwezi unaofuata. Kuna kampuni ambazo jina la mtu linaendelea kuonekana kazini miezi mitatu baada ya kuaga, na yeye anazungushwa dirishani bila kuelewa tatizo ni nini.

Tatizo linalosumbua kuliko yote, na halina uhusiano wowote na sheria, ni majina. NIDA unaitwa Rashidi, NSSF wameandika Rashid, benki wana jina la babu ambalo halipo popote pengine. Au mwanamke aliyeolewa akabadilisha jina benki tu. Au tarehe ya kuzaliwa iliyobahatishwa siku ya kujaza fomu ya kwanza kiwandani. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye NIDA, NSSF na benki kabla ya kupeleka madai. Tofauti ndogo huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakamani. Tofauti kubwa zinataka marekebisho ya kumbukumbu, na hayo yanachukua muda, kwa hiyo yaanze wakati bado unakula mshahara.

Kama umewahi kufanya kazi kampuni mbili tatu, hakikisha zote zilitumia namba moja ya uanachama. Walio na namba mbili wanaweza kuonekana wamechangia miezi 10 hapa na 12 kule, na hakuna namba inayofika 18. Omba tawini michango iunganishwe.

Ukishawasilisha, dai ushahidi wa kupokewa wenye tarehe, na andika jina la ofisa aliyekuhudumia. Ukifuatilia usiulize "fedha yangu iko wapi". Uliza jalada liko hatua gani na linasubiri nini. Mara nyingi linasubiri kitu ambacho wewe unacho kwenye bahasha nyumbani.

CMA: siku 30 hazikusubiri

Kama hapakuwa na mashauriano, kama kigezo cha kuchagua kilikuwa ni nani hapatani na meneja, kama baada ya wiki mbili nafasi yako imetangazwa upya, au kama ulilazimishwa kusaini barua ya kuacha kazi, peleka mgogoro CMA. Mgogoro wa kuachishwa isivyo halali unawasilishwa ndani ya siku 30 tangu ajira ikome au mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kama kutolipwa stahiki, ni ndani ya siku 60.

Wengi huzipoteza siku 30 kwa neno moja: "subiri". Subiri mkurugenzi arudi safari, subiri mhasibu amalize hesabu, subiri NSSF wajibu. Siku za CMA hazisimami kwa lolote kati ya hayo. Weka alama kwenye kalenda siku ya 20. Ikifika hujalipwa na unaamini umeonewa, anza kujaza fomu. Ukichelewa unaweza kuomba kusogezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa, na "niliahidiwa" haina nguvu kubwa.

Fomu ya kupeleka mgogoro ni CMA F.1, inapatikana bila malipo ofisi za Tume mikoani. Ijaze kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya utoaji haki nchini. Eleza kwa ufupi kilichotokea, kwa tarehe, na uandike unachotaka: kurudishwa kazini au fidia, pamoja na stahiki unazodai kwa hesabu. Chagua aina ya mgogoro kwa uangalifu, kwa kuwa fomu iliyojazwa "madai ya mshahara" haigeuki yenyewe kuwa ya kuachishwa isivyo halali. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, akusainie, ndipo uisajili Tume pamoja na uthibitisho huo.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao hutakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Usikose kikao. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mkikubaliana mnasaini, na makubaliano yale yanatekelezeka kama hukumu, kwa hiyo yaandikwe kiasi, tarehe ya kulipa na akaunti. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo ule mfuko wa karatasi uliouanza wakati wa tetesi unakuwa shahidi wako namba moja. Unaweza kuwakilishwa na chama chako au wakili, lakini hulazimiki.

Waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo wajue kwamba hawawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Wanaweza kudai walichofanyia kazi, notisi na likizo.

Madeni na bima

Bima ya afya ya kazini hukoma pamoja na ajira au muda mfupi baadaye. Uliza tarehe, na kama kuna mtoto anayesubiri matibabu yaliyopangwa, atibiwe kabla ya tarehe hiyo. Kwa mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, nenda benki kabla mwezi haujapita bila rejesho. Uliza kama bima ya mkopo uliyokatwa siku ya kuchukua mkopo inagusa kupunguzwa kazi, kwa sababu baadhi zinagusa na hakuna atakayekukumbusha. Kama haigusi, omba marejesho yapangwe upya. Bodi ya Mikopo nao wajulishwe kwamba huna mwajiri.

Ukipata kazi nyingine

Fao linasimama ukiajiriwa, hata kama miezi sita haijaisha. Wajulishe NSSF mwenyewe. Mchango wa mwajiri mpya ukiingia utaonekana tu, na fedha uliyolipwa kimakosa itarudi kudaiwa.

Ukiajiriwa, mpe mwajiri mpya namba yako ile ile ya uanachama, usikubali kuandikishwa upya. Pensheni inahitaji miezi 180 ya michango, na kila mwezi uliochangiwa kabla ya kupunguzwa bado unahesabika. Ukiamua kujiajiri, unaweza kuendelea kuchangia kwa namba hiyo hiyo kama mwanachama aliyejiajiri. Na mwezi wa pili wa kazi mpya, fungua taarifa yako ya michango uone kama ule wa kwanza umeingia, na kwa mshahara upi.